Somo la Kumi na Moja: Mashindano ya Timu katika Kujifunza Kusoma Vinasaba

(Somo hili lilitangazwa katika redio, nalo limepigwa chapa kwa ajili ya vikundi vya wasikilizaji. Kiongozi wa kikundi atayarishe mkasi, karatasi, kalamu na bahasha moja kabla ya kuanza.)

Katika masomo yaliyopita tulieleza namna mashine zinavyosoma vinasaba, na namna kompyuta inavyosaidia kuvipanga na kuvichunguza. Elimu hiyo huitwa bioinfomatiki. Leo twataka kueleza jambo la ualimu: vipi mashindano ya timu yaweza kuifundisha elimu hii, na vipi mashindano hayo hayo, yakitengenezwa vibaya, humwacha mwanafunzi kama alivyokuja. Somo ni hasa kwa wanaofundisha vyuoni, na kwa wanafunzi wenye nia ya kuanzisha mashindano yao wenyewe. Lakini hata asiyewahi kugusa kompyuta ataweza kulifuata, maana mfano wetu mkubwa wa leo wafanywa kwa mkasi na karatasi.

Kwanza tuone haja yake. Vinasaba vya kiumbe ni kama andiko refu lenye herufi nne tu, A, C, G na T. Andiko la kirusi cha korona, kile kilicholeta ugonjwa wa UVIKO-19, lina herufi kama 29,900. Kimelea cha malaria kiitwacho Plasmodium falciparum, ambacho andiko lake lilitangazwa mwaka 2002, kina herufi kama milioni 23. Mwanadamu ana kama milioni elfu tatu. Na kuna jambo la karibu nasi zaidi. Kimelea cha ndigana kali, ugonjwa unaoua ng'ombe wengi wa Afrika ya Mashariki, andiko lake lilitangazwa mwaka 2005, baada ya kazi iliyofanywa kwa pamoja na taasisi ya utafiti wa mifugo ya Nairobi, ILRI, na taasisi ya TIGR ya Marekani. Aina iliyosomwa ni ile ya Muguga, karibu na Nairobi. Andiko lake lina herufi zaidi ya milioni 8 na jeni kama 4,000.

Zamani taabu ilikuwa kuzipata herufi. Siku hizi mashine huzitoa kwa wingi na kwa bei iliyoshuka sana, na taabu imehamia kwa watu wa kuzichambua. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia Kenya, wataalamu wa maabara ya Kilifi walikisoma kirusi wenyewe, papo hapo, wakajua kinatoka wapi na kinakwenda wapi. Waliweza kwa sababu watu wao walikuwa wamefundishwa kabla ya tauni kufika. Mahali pasipo watu wa namna hiyo, herufi hupelekwa ng'ambo, na mwenye kuuliza swali la kwanza huwa mtu wa ng'ambo. Swali lake laweza kuwa zuri, ila si lazima liwe swali la mwenye ng'ombe.

Kwa hiyo Afrika imekuwa ikifundisha. Chini ya mradi mkubwa wa H3Africa ulianzishwa mtandao wa H3ABioNet, uliosimamiwa kutoka Chuo Kikuu cha Cape Town chini ya Profesa Nicola Mulder. Mwaka 2016 mtandao huo ulianza kufundisha misingi ya bioinfomatiki katika madarasa 20, katika nchi 10 za Afrika, kwa wanafunzi zaidi ya 360. Wanafunzi walikusanyika katika darasa la mahali pao, wakatazama mihadhara iliyorekodiwa, wakiwa na msaidizi wao pale pale wa kujibu maswali na kuwasimamia katika mazoezi. Msikilizaji mwenye umri ataitambua njia hii mara moja. Ndiyo iliyotumika Tanzania mwaka 1973 katika kampeni ya Mtu ni Afya: mwalimu mmoja redioni, na kikundi chenye kiongozi wake kijijini.

Njia hiyo ni njema, lakini ina mwisho wake. Mtu hasuki mkeka kwa kusikiliza habari za ukili. Atajua majina ya programu na kazi zake. Ukimpa mafaili ya kweli, yenye makosa na mapengo, atakaa akiyatazama. Tena elimu hii ina tabia yake nyingine: haitimii kwa mtu mmoja. Yahitaji mjuzi wa viumbe, mjuzi wa kompyuta, na mjuzi wa hesabu za takwimu, na ni nadra wote watatu kukaa katika kichwa kimoja. Basi mazoezi yake yafaa yawe ya timu. Na timu, kama mjuavyo kutoka viwanja vya mpira, haifanyi mazoezi kwa moyo mpaka ijue siku ya mchezo.

Sasa, nani ataamua? Hapo tujifunze kwa mashindano ya zamani kidogo, yaitwayo CASP. Mwaka 1994 mtaalamu John Moult na wenzake waliona ya kuwa watu wengi wadai kuwa wanaweza kukisia umbo la protini kwa kutazama mfuatano wake tu. Protini ni mnyororo unaojikunja, na kazi yake hutokana na namna ulivyojikunja. Kila mmoja alikuwa akijipima mwenyewe, na kila mmoja alikuwa akijipa ushindi. Moult na wenzake wakawaomba wenye maabara, waliokwisha kupima au waliokuwa karibu kupima umbo la protini fulani, wasilitangaze kwanza. Washindani wakapewa mfuatano, wakaleta makisio yao, ndipo umbo la kweli likafunuliwa. Waliohukumu hawakuwa washindani, nao walipewa kazi zenye namba badala ya majina. Mashindano hayo yamefanywa kila baada ya miaka miwili tangu hapo. Mwaka 2020 programu ya AlphaFold, ya kampuni ya DeepMind ya London, ilikaribia vipimo vya maabara kwa protini nyingi, na dunia ikaamini siku ile ile kwa kuwa mwamuzi alikuwa mtu mwingine. Mwaka 2024 Demis Hassabis na John Jumper wa kampuni hiyo wakapewa Tuzo ya Nobel ya kemia, pamoja na David Baker wa Marekani.

Nasema haya kwa sababu tabia ya kujihukumu haikwisha mwaka 1994. Mwaka 2011 wataalamu watatu waliandika juu ya kile walichokiita mtego wa kujipima mwenyewe. Walipitia maandiko mengi ya kitaalamu, wakaona ya kuwa mwandishi anapolinganisha njia yake na za wenzake, yake ndiyo hushinda karibu kila mara. Mwanafunzi atakayezoea tangu mwanzo kuwa jibu liko katika bahasha asiyoweza kuifungua, huyo ataogopa kujidanganya baadaye. Faida hiyo naiweka mbele kuliko zawadi yoyote.

Haya, tuje kwenye mkasi. Mchezo huu waweza kuchezwa na timu tatu au nne, mezani, bila umeme. Andikeni sentensi hii kwa herufi kubwa, bila kuacha nafasi kati ya maneno:

BABUALISEMAHARAKAHARAKAHAINABARAKA

Ni herufi 34. Andikeni nakala sita, kila moja katika ukanda wake wa karatasi. Kisha kateni kila nakala mahali tofauti, vipande vya herufi sita sita hivi, mvichanganye katika kikapu, na kila timu ipewe kikapu chake. Kazi ya timu ni kuirudisha sentensi, bila kuambiwa ilikuwaje. Ndivyo kompyuta inavyofanya: mashine haisomi andiko zima kwa mara moja, bali hutoa vipande vingi vinavyolaliana, na programu huviunga kwa kutazama mwisho wa kimoja unaofanana na mwanzo wa kingine.

Mwanzo wake ni rahisi. BABUAL na UALISE vitaungana bila ugomvi. Taabu huanza kwenye HARAKA. Kipande RAKAHA kimetoka wapi? Chaweza kuwa kati ya HARAKA ya kwanza na ya pili, na chaweza kuwa kati ya HARAKA ya pili na HAINA. Timu moja italeta HARAKA moja tu, na kubaki na kipande KAHARA mkononi wasichojua pa kukitia. Timu nyingine italeta HARAKA mbili. Timu ya tatu, yenye watu wa haraka kweli, italeta tatu, na kila kipande chao kitakuwa kimekaa vizuri! Maana kwa vipande vya herufi sita, HARAKA mbili na HARAKA tatu hutoa vipande vya namna moja. Huwezi kuzitofautisha kwa kuunga peke yake.

Basi mwamuzi awaulize: mwaweza kujua kwa njia gani? Akae kimya, asiwasaidie. Baada ya muda mtu mmoja atasema, tuhesabu. Kila mahali pa sentensi palikuwa na nakala sita. Vipande vyenye mwanzo wa BABU vipo kadiri fulani. Vipande vya HARAKA vikiwa mara mbili ya hivyo, basi neno limetokea mara mbili, na vikiwa mara tatu, limetokea mara tatu. Na mwingine atasema, tungekuwa na kipande kirefu, kinachoanzia SEMA na kufika HAINA, ugomvi ungekwisha. Wote wawili wamesema kweli, na hizo ndizo njia mbili zinazotumiwa na wataalamu: kuhesabu kina cha usomaji, na kutumia mashine zinazotoa vipande virefu. Vimelea vingi vina sehemu za kujirudia kama hizi. Plasmodium ni mmoja wao. Zaidi ya herufi nane katika kila kumi za andiko lake ni A au T, jambo linalofanya sehemu nyingi zifanane, na kuwataabisha waungaji.

Tuongeze taabu kidogo. Katika nakala moja kati ya zile sita, badala ya BARAKA andikeni BARUKA. Timu itaona nakala tano zina A na moja ina U. Watapiga kura, na A itashinda. Hilo ni kosa la mashine. Lakini siku nyingine andikeni U katika nakala tatu na A katika tatu. Hapo kura haifai tena. Kwa mwanadamu, aliyerithi nakala moja kwa baba na moja kwa mama, nusu kwa nusu ndiyo hali ya kawaida pale wazazi walipotofautiana. Si kosa hata kidogo, na mwenye kuifuta kwa wingi wa kura amefuta nusu ya ukoo. Nimeona mchezo huu ukiwaelewesha watu kwa saa moja mambo ambayo mhadhara huyapitia kwa saa tatu na kuyaacha yakielea.

Sasa tuuchukue mchezo huo tuupeleke kwenye kompyuta. Mwandaaji achague andiko dogo. Kirusi cha korona chafaa sana, kwa kuwa herufi 29,900 si mzigo kwa laptopu ya kawaida, na nakala yake yapatikana bure katika hazina ya GenBank, iliyofunguliwa mwaka 1982. Lakini asiwape timu andiko lile lile lililoko intaneti na kuwauliza habari zake, maana majibu yako intaneti pia, na mashindano yatakuwa ya kutafuta. Atengeneze mgonjwa wake mwenyewe. Achukue andiko, abadilishe herufi mahali 10, aandike mahali hapo katika karatasi, aifunge katika bahasha. Kisha kwa programu maalumu alivunje andiko lake liwe vipande vingi vyenye makosa madogo madogo, kama vitokavyo kwenye mashine. Timu zipewe vipande hivyo na nakala ya asili ya kulinganishia, ziambiwe: mgonjwa huyu ametofautiana wapi?

Mahali pa kubadilisha pasichaguliwe ovyo. Mabadiliko matano yawe wazi katikati ya andiko, ili timu changa isikate tamaa. Mawili yawe jirani sana, maana programu nyingi husitasita hapo. Moja liwe karibu na ncha, ambako vipande ni vichache. Moja liwe la kuondoa herufi tatu mfululizo ndani ya jeni, na moja la kuondoa herufi moja tu. Hayo mawili ya mwisho yana somo kubwa: herufi za jeni husomwa tatu tatu, basi ukiondoa tatu mahali pake, protini hupungukiwa na kiungo kimoja, lakini ukiondoa moja tu, usomaji wote unaofuata huenda upande. Timu ikieleza hilo bila kuulizwa, mwamuzi ajue hapo pana mjuzi wa viumbe anayesikilizwa na wenzake.

Na hukumu iweje? Wengi huharibu hapa. Timu ikitaja mabadiliko 200, bila shaka yale 10 yatakuwamo. Je, imeshinda? Hapana budi kuuliza maswali mawili pamoja: katika ya kweli, umepata mangapi, na katika uliyoyataja, mangapi ni ya kweli? Kwa alama 40 za jibu, kila badiliko la kweli lipate alama 4, na kila la uongo litoe alama 2. Watu watajifunza kunyamaza pale wasipokuwa na ushahidi. Tena timu zisiruhusiwe kuleta majibu mara nyingi na kuonyeshwa alama kila mara. Mwenye kuruhusiwa kubahatisha mara hamsini atafika, lakini atakuwa ameijifunza bahasha, si kazi. Mara mbili zatosha.

Alama 60 zilizobaki zisitolewe kwa jibu. Alama 25 ni za daftari. Timu iandike kila hatua: programu ipi, toleo lipi, amri ipi, faili lipi. Siku ya pili madaftari yabadilishwe, timu ya pili ifuate daftari la timu ya kwanza neno kwa neno, na ikipata jibu lile lile, timu ya kwanza ipewe alama zake zote. Ikikwama, zipunguzwe. Mapishi yasiyoweza kupikwa na mtu mwingine si mapishi. Mtandao wa H3ABioNet ulikuwa na zoezi la namna hii kwa vituo vyake: kituo kilipewa data na muda, kikafanya uchambuzi, kikaandika ripoti, na wataalamu wa nje wakaisoma ripoti pamoja na matokeo. Mambo waliyojifunza yaliandikwa mwaka 2017, na kila mwandaaji afaa kuyatafuta.

Alama 25 nyingine ni za kura, na mimi naziona kuwa ndizo roho ya mashindano yote. Mwamuzi ana kofia yenye majina ya watu wa timu. Achomoe jina moja. Mtu huyo, peke yake, asimame aeleze kazi ya timu nzima kwa dakika tano na kujibu maswali mawili. Alama yake ndiyo alama ya timu. Fikirini lifuatalo. Katika kila timu yuko fundi mmoja wa kompyuta, mwepesi wa vidole. Bila kura, fundi huyo atafanya kazi yote, wenzake watamletea chai, timu itashinda, na chuo kitakuwa kimemfundisha mtu aliyekuwa akijua tayari. Kura ikiwapo, fundi hana budi kugeuka mwalimu usiku ule ule, kwa kuwa kofia yaweza kumtoa yule asiyejua. Nasikia watu wakisema kuwa si haki timu kuanguka kwa ajili ya mtu mmoja mnyonge. Kama mashindano ni ya kumtafuta bingwa, hawakukosea. Ya kwetu ni ya kufundisha, na timu ilikuwa na siku mbili za kumfundisha mnyonge wake.

Alama 10 za mwisho ni za ukweli: timu iandike ni jibu lipi ina hakika nalo, lipi ina shaka nalo, na kwa nini.

Timu zenyewe zisijichague. Wakijichagua, marafiki wa kompyuta watakaa pamoja na wa biolojia watakaa pamoja, na kila upande utapungukiwa. Mwandaaji awaulize kabla kwa karatasi fupi kila mmoja ajua nini, kisha awachanganye wanne wanne au watano watano: angalau mmoja wa viumbe, mmoja wa kompyuta, mmoja wa hesabu. Zaidi ya watano, mtu hupata mahali pa kujificha. Na wawekewe sharti la kubadilishana kibodi kila baada ya nusu saa, mwenye kibodi akitenda yale tu anayoambiwa na wenzake. Sharti hili laonekana la kitoto, lakini lisipokuwapo utaona jambo moja likitokea timu baada ya timu: mwanamke aliyemo huachiwa kalamu ya kuandika kumbukumbu, na kibodi hakifiki kwake hata siku ya pili.

Juu ya matayarisho sitasema mengi. Mwezi Agosti 2016 H3ABioNet walikusanya watu Pretoria katika timu nne, kila timu itengeneze mfululizo wa programu kwa uchambuzi wa namna moja, kwa mfano kutafuta mabadiliko katika andiko zima la mwanadamu. Hayakuwa ya kushindania kikombe, lakini yana funzo kwetu: timu zilianza kukutana kwa intaneti kabla ya safari, zikafika zinajuana na kazi imegawanywa. Kwa mashindano ya chuo, programu zote ziwekwe katika laptopu wiki moja kabla, na data igawiwe kwa flashi, isitegemewe intaneti ya siku ile. Jenereta iwe na mafuta. Na swali lijaribiwe kwanza na watu wawili ambao hawakulitunga. Wakimaliza kwa saa tatu, wanafunzi wapewe siku moja na nusu.

Zawadi ya fedha siipendi, huleta mawakili. Nafasi katika kozi ya juu zaidi, au majuma mawili katika maabara inayosoma vinasaba kweli kweli, kwa timu nzima na si kwa kiongozi wake, hiyo yafaa. Na bahasha ikiisha kufunguliwa, timu ya mwisho ipewe saa moja na mwamuzi, wapitie pamoja walipopotea njia. Waandaaji wengi hufunga ukumbi baada ya picha, na waliokuwa na la kujifunza zaidi ndio wanaokwenda nyumbani bila neno.

Sasa zoezi la vikundi. Kiongozi asome polepole, kila mtu aandike. Vipande ni sita:

OOMWENY
EJIAPONE
MGENINJ
NJOAMWEN
WENYEJIA
ENINJOOM

Gawanyikeni timu mbili au tatu. Swali la kwanza: iungeni sentensi. La pili: kipande kimoja kina herufi yenye kosa; ni kipi, ni herufi ipi, na ni vipande vingapi vinavyoshuhudia kinyume chake? La tatu: herufi ya kwanza kabisa ya sentensi imesomwa mara ngapi, na kama ingekuwa na kosa, mngejuaje? Swali la tatu lijibiwe na mtu atakayetolewa na kofia. Kiongozi aandike majibu yake mwenyewe kwanza, ayafunge katika bahasha, aiweke juu ya meza mbele ya wote. Majibu yetu yatasomwa mwanzoni mwa somo la kumi na mbili. Kwaherini.